Hitisinki baridi, prosesa inaungua: kisa cha kompyuta iliyokuwa ikijizima

"Mjomba, inazima tu. Haisemi kitu." Hivyo ndivyo mpwa wangu alivyonieleza kwenye simu, na nusu ya jibu ilikuwa mle mle. Mimi nikasikia malalamiko tu.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani: prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote, ni Core i5-4570, kizazi cha 4, toleo la mwaka 2013, kore 4 (sehemu zake za kufanyia kazi), RAM ya GB 16, diski ya SSD, kadi ndogo ya picha, Windows 10. Imezeeka, lakini kwa kijana anayehariri video zake na kucheza gemu za wastani bado inafaa. Juu ya prosesa imekaa hitisinki, lile bonge la alumini lenye mapezi, pamoja na feni yake. Ni zile zile zilizokuja na prosesa kwenye boksi, na zinashikwa na pini 4 za plastiki, hazina skrubu. Zikumbuke hizo pini.

Nilipofika kwa dada nikasimuliwa kisa kimoja kirefu. Miezi 3 nyuma kompyuta ilianza kuzima kijana akirenda video, yaani pale programu inapoipika kazi yote iwe faili moja. Akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, ikatulia siku kadhaa. Ikarudia. Wakaipeleka kwa fundi, akaisafisha vizuri zaidi na kuipaka pesti mpya, ile inayokaa kati ya prosesa na hitisinki. Ikarudi nyumbani inang'aa, ikazima siku ya pili yake. Kijana akaweka Windows upya. Akachomoa kipande kimoja cha RAM, akajaribu kingine. Sasa mara nyingine ilikuwa ikizima hata kabla hajafungua programu yoyote.

Kila mtu pale ndani aliamini ni ugonjwa mmoja uliokuwa ukikomaa polepole. Nami niliishika imani hiyo hiyo, na ndiyo iliyonipotezea jioni nzima.

Nilianza na daftari la matukio la Windows, mahali ambapo mfumo huandika kila kinachotokea. Safu nzima ilikuwa nyekundu kwa tukio namba 41, chanzo chake kimeandikwa Kernel-Power. Neno hilo la umeme likanishika. Nikajiambia pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, imechoka: mzigo ukizidi inashindwa, inakata. Maelezo yalikaa vizuri kiasi kwamba sikuyauliza swali. Nikaenda kwangu, nikaichomoa pawasaplai ya kompyuta yangu, nikarudi nayo, nikahamisha waya zote. Zaidi ya saa moja. Nikawasha, kijana akafungua mradi wake wa video, na baada ya dakika moja na nusu skrini ikawa nyeusi, feni zote zikanyamaza.

Nilichopaswa kukumbuka ni kwamba namba 41 haijui chochote kuhusu sababu. Haiandikwi wakati kompyuta inakufa, maana wakati huo hakuna wa kuandika. Inaandikwa ikiwashwa tena: Windows inagundua kwamba mara ya mwisho haikufungwa kwa utaratibu, basi inarekodi. Ukilifungua tukio lenyewe utakuta mstari wa BugcheckCode. Kwenye kompyuta hii ulikuwa 0 kila mara, maana yake hakukuwa na ile skrini ya bluu ambayo Windows huonyesha inapoanguka. Umeme ulikatika tu. Pawasaplai mbovu huacha alama hiyo. Aliyechomoa waya ukutani huacha alama hiyo. Na prosesa iliyojizima kwa joto huacha hiyo hiyo.

Nilikuwa bado nimekaa sakafuni na bisibisi mkononi nikijilaumu, kijana akawasha. Skrini ikaonyesha mistari michache myeupe, akabonyeza kitufe upesi, mistari ikatoweka.

"Umebonyeza nini?"

"F1, mjomba. Huwa inatokea kila ikishazima. Ukiibonyeza inaendelea."

"Tangu lini?"

"Tangu irudi kwa fundi."

Nikamwambia azime, awashe upya, na mikono yake akae nayo mbali na kibodi. Safari hii nikausoma mstari: ubao mama, ule unaobeba prosesa na vipande vingine vyote, ulikuwa ukitangaza, kwa Kiingereza kifupi kisicho na mafumbo, kwamba prosesa imepita kiwango cha joto na kwamba ubonyeze F1 kuendelea. Wiki kadhaa kompyuta imesema inaumwa nini, nayo ikawa inanyamazishwa kwa kidole. Simlaumu. Watu wazima hubonyeza Sawa mara kumi kwa siku bila kusoma.

Na lile la "tangu irudi kwa fundi" lilibaki likinizunguka kichwani.

Tukaweka HWiNFO, programu ya bure inayosoma sensa za kompyuta, nikaifungua upande wa sensa peke yake. Hapo kijana akashtuka kwa jambo lisilo na maana: sensa moja ya ubao mama ilikuwa inasoma nyuzi 127 bila kutikisika. Sensa isiyounganishwa na kitu mara nyingi hufanya hivyo, inaganda kwenye namba ya ajabu moto au baridi. Za kuangalia ni zile za kore za prosesa, kwa sababu zimo ndani ya chipu yenyewe.

Hizo zilisoma kati ya 61 na 64. Kompyuta haifanyi lolote, matumizi ya prosesa ni asilimia 3, kwa hiyo hata ile hofu ya kirusi kinachochimba sarafu kwa siri niliifuta palepale. Prosesa hii ikiwa imekaa bure ndani ya chumba cha kawaida ningetegemea thelathini na kitu, arobaini ikiwa imechoka. Lakini namba yenyewe haikunishangaza kama kilichofuata. Nikamwambia acheze video moja tu, isiyo nzito. Joto likatoka 62 likagonga 97 ndani ya sekunde 3. Akasimamisha. Likaanguka hadi 66 kabla sijamaliza kupumua.

Nikaomba arudie, huku nikiangalia safu ya kasi. Prosesa ilianza na GHz 3.6, ambayo ndiyo kasi yake ya juu kabisa, ikaporomoka hadi GHz 0.8. Huko ni kujiokoa. Kiwango cha juu cha joto kwa chipu hii ni nyuzi 100. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi ili izalishe joto dogo zaidi. Ikiwa hata baada ya kujibana joto linaendelea kupanda, inabaki hatua moja: chipu inatoa ishara kwa ubao mama, na ubao mama unakata umeme papo hapo. Hakuna onyo, hakuna kuhifadhi faili. Haisemi kitu, kama alivyoniambia.

Hapa ndipo nilipoacha kulifikiria vumbi.

Joto la prosesa lina safari. Linatoka kwenye chipu, linaingia kwenye kifuniko chake cha chuma, linavuka utando mwembamba wa pesti, linaingia kwenye hitisinki, feni inalipeperusha, kasha linalitoa nje. Kila kituo kina mwendo wake. Chipu ni ndogo kama ukucha, inapata moto mara moja. Hitisinki ni bonge la chuma, inahitaji dakika kadhaa kupata moto na dakika kadhaa kupoa. Hewa ya ndani ya kasha inakwenda polepole zaidi. Kwa hiyo kama mapezi yamezibwa na vumbi, au kasha limebanwa mahali, utaona joto likipanda hatua kwa hatua: dakika ya 2 lipo 70, dakika ya 8 lipo 85, dakika ya 15 linagonga dari. Hitisinki yote inakuwa ya moto kwa sababu imepokea joto na haina pa kulipeleka. Lakini likiruka kutoka chini hadi juu kwa sekunde 3, basi hitisinki haijapata hata muda wa kuhusika. Kizuizi kiko jirani kabisa na chipu.

Kuruka kidogo ni kawaida, nisieleweke vibaya. Kompyuta yangu ambayo ni ya rika hilo hilo huruka nyuzi 15 hadi 20 kazi inapoanza, kisha inapanda taratibu na kutulia. Kuruka nyuzi 35 kwa video nyepesi ni habari nyingine.

Ushahidi wa pili niliupata kwa mkono. Prosesa ikiwa 97, nikagusa ubavu wa hitisinki kwa chini, mbali na feni. Ilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe kilichosahaulika mezani. Feni ilikuwa inazunguka mizunguko zaidi ya 2,000 kwa dakika, kelele tupu, ikipoza chuma ambacho hakikuwa na joto la kupozwa. Ukikuta chipu inaungua na hitisinki ni baridi, usipoteze hewa ya kopo kupuliza tena. Joto halivuki.

Nikaweka kidole kwenye kona moja ya hitisinki nikaibonyeza kuelekea kwenye ubao mama, macho kwenye skrini. Hakuna kitu. Kona ya pili, hakuna. Kona ya tatu, ile ya juu upande wa RAM, ikaingia ndani kama milimita moja, nikaisikia. Namba kwenye skrini ikaanza kushuka: 62, 55, 49, 47. Nikaachia, ikarudi 60. Nikabonyeza, 47. Kijana akacheka, akaomba naye ajaribu. Nilimruhusu, lakini nikamsimamia, maana kompyuta iko wazi na inawaka: feni inakata kidole, na pete au bangili ikigusa ubao mama inaweza kuunguza kitu. Ndani ya kasha umeme ni mdogo, kisichofunguliwa kamwe ni pawasaplai. Ile hubaki na chaji hata ikiwa imechomolewa.

Sasa historia ikajipanga upya. Ugonjwa wa kwanza, ule wa miezi 3 nyuma, ulikuwa ukimpa kijana dakika 15 au 20 za kurenda kabla ya kuzima. Huo ni mwendo wa vumbi, na ndiyo maana alipopuliza ukatulia. Fundi naye aliliona vumbi akalitoa sawasawa. Mapezi yalikuwa masafi kweli. Ila ili apake pesti alilazimika kuing'oa hitisinki, na alipoirudisha, pini moja haikufunga. Kuanzia hapo dakika 15 zikawa 2, na kila kasha liliposogezwa, kona ile ikazidi kuachia, kwa sababu ubao mama ukisimama wima hitisinki inaning'inia. Huo ulikuwa ugonjwa wa pili, umezaliwa na tiba ya wa kwanza. Lakini dalili iliyoonekana mezani haikubadilika, inazima tu, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kuuliza: inazima baada ya muda gani?

Nikachomoa waya ukutani, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza umeme uliobaki, nikaing'oa hitisinki. Pesti ilikuwa imechora ramani. Upande wa kona zilizoshika ilikuwa imebanwa, nyembamba hadi chuma cha kifuniko kinaonekana. Upande wa pili ilikuwa nene, laini, bado ina mikunjo ya namna ilivyopakwa, haijawahi kukandamizwa na kitu. Pesti nzuri, kiasi kizuri, imepakwa na mtu anayejua kazi, na nusu yake haijawahi kugusa hitisinki.

Nikatoa ubao mama mzima nione upande wa nyuma, na hii ni hatua ambayo watu wengi huiruka kwa uvivu, nami nikiwemo. Pini hizi zina sehemu mbili: ala nyeupe yenye miguu miwili inayopenya tundu la ubao mama, na msumari mweusi unaoshuka katikati yake na kuitanua miguu hiyo isirudi. Tatu zilikuwa zimetanuka vizuri upande wa nyuma. Ya nne ilikuwa na mguu mmoja uliopita tundu na mwingine uliokunjika, umelala juu ya ubao. Ukitazama kwa mbele vichwa vyote 4 vilikuwa sawa, vimekaa chini, hakuna cha kutilia shaka.

Hukunjika namna hii kwa njia inayotabirika. Kichwa cha pini kina mshale. Ukikizungusha kufuata mshale unafungua. Kabla ya kurudisha hitisinki lazima ukizungushe kinyume chake mpaka mwisho, vinginevyo msumari unashuka bila kukamata. Mtu anasukuma, hasikii mlio, anasukuma kwa nguvu zaidi, mguu unakunjika, kichwa kinakaa chini, anaridhika. Sina uhakika fundi alifanya hivyo hasa, sikuwepo. Lakini kichwa cha pini hiyo nilikikuta kimegeukia upande wa kufungua.

Matengenezo yenyewe hayana mengi. Pini nzima nikaitoa kwenye hitisinki ya zamani iliyokuwa kwenye boksi langu la vikorokoro. Pesti nikaifuta yote, pande zote mbili, kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usipake mpya juu ya ya zamani hata kama ina wiki moja. Nikaweka tone la ukubwa wa choroko katikati ya kifuniko, sikulisambaza, likasambazwa na hitisinki yenyewe. Pini nikazifunga kwa kuvuka, kona na kona inayoikabili, kisha mbili zilizobaki, nikisubiri mlio wa kila moja. Halafu nikageuza ubao mama na kuhesabu miguu 8 iliyotanuka kabla ya kurudisha skrubu yoyote. Waya wa feni nikauchomeka kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN. Ukiuweka kwenye tundu la feni ya kasha, kuna ubao mama utakaokataa kuwaka ukidai haina feni.

Wenye laptopu hawana pini hizi. Kwao hitisinki imeshikwa na skrubu zenye springi, mara nyingi zimepigwa namba, na kuzikaza bila kufuata namba huinamisha sahani ya shaba vilevile. Kipimo cha sekunde 3 kinawafaa hata wao, cha kubonyeza kona hakiwafai.

Kompyuta ilipowaka haikuuliza F1. Ikiwa imetulia ilisoma 36 hadi 38. Kijana akaanzisha kurenda ile video iliyomshinda. Joto likaruka hadi 56, likapanda taratibu, dakika ya 20 lilikuwa 71 na kasi imebaki kati ya GHz 3.4 na 3.6. Nikagusa hitisinki. Moto. Nilifurahi kuliko inavyostahili.

Halafu tukafunga kifuniko, tukarudisha kasha mahali pake, ndani ya kabati la meza lenye mlango, mgongo umegusa ukuta. Nikarudia kipimo kile kile. Dakika ya 30 ilikuwa 83 na bado inapanda. Kupanda polepole: ugonjwa wa kwanza ulikuwa bado upo, umejificha nyuma ya wa pili. Feni ya nyuma ilikuwa inatoa hewa ya moto, hewa inagonga ukuta, inazunguka ndani ya kabati na kuvutwa tena kwa mbele. Hata vumbi lililoziba mapezi mwanzo lilikuwa linakusanyika humo. Dada hakupenda, maana kabati lilikuwa limenunuliwa makusudi lifiche kompyuta, lakini tuliitoa tukaiweka kando ya meza, nafasi ya shibiri moja nyuma yake. Ikakaa kwenye 72. Kupunguza joto zaidi kwa kuchezea mpangilio wa feni kwenye BIOS, ile programu ya ubao mama inayoanza kabla ya Windows, kungewezekana. Sikuona sababu ya kuongeza kelele kwa nyuzi 4.

Pawasaplai yangu nikairudisha kwangu, na yao ikarudi mahali pake. Haikuwa na kosa lolote.

Baada ya wiki 3 nilipita tena, nikafungua daftari la matukio. Namba 41 zote zilikuwa za kabla ya jioni ile, isipokuwa moja, ya Jumapili saa 4 asubuhi, BugcheckCode 0. Moyo ukanipiga. Nikamwita kijana, akaiangalia, akamgeukia mama yake aliyekuwa mlangoni.

"Hiyo ni mimi," dada akasema. "Nilichomoa waya nichomeke pasi."